UZI: Kiungo bandia cha taya si bawaba ya mlango. Njooni tulifungue hili dude

#1 Chuma cha Pua

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mtu wa mitambo, si daktari. Siku zangu huishia kwenye pampu na shafti. Kwenye taya nimeingia kwa bahati mbaya. Mdogo wangu wa kike, akiwa na miaka tisa, alishuka kwenye mwembe kwa njia ambayo haikupangwa na kufikia kidevu. Kidevu kikashonwa nyuzi nne, mtoto akarudi kucheza, na hakuna aliyewaza kupiga picha mbele ya masikio. Alipofika darasa la saba, kijiko kilikuwa kinaingia mdomoni kwa ubavu. Mwaka juzi, akiwa na miaka 26, aliwekewa viungo bandia pande zote mbili huko India, mimi nikiwa msindikizaji. Daktari aliposikia msindikizaji anashinda karakana, alitoa sampuli ya maonyesho kwenye droo akanipa niishike. Tangu siku hiyo ninasoma.

Kabla hamjaendelea, jaribuni hivi. Weka ncha ya kidole mbele kidogo ya tundu la sikio, fungua mdomo taratibu. Mwanzoni utasikia kitu kinazunguka palepale kilipo. Ukishafungua nusu, kile kitu kinakukimbia: kinateleza kwenda mbele na kushuka, panabaki kashimo chini ya kidole. Ukifunga, kinarudi.

Shida ya wabunifu wote iko hapo. Nyonga ni mpira ndani ya kikombe, inazunguka tu. Goti linajikunja na kuteleza kidogo. Kiungo cha taya kwanza kinazunguka, kisha kinahama. Milimita 20 hadi 25 za mwanzo za kufungua mdomo ni mzunguko zaidi. Baada ya hapo kichwa cha taya hutoka ndani ya kishimo chake kwenye fuvu na kuteleza mbele juu ya kinundu cha mfupa, kikiwa kimevaa kisahani cha gegedu kama kofia. Tena taya la chini ni mfupa mmoja wenye viungo viwili. Huwezi kukigusa cha kulia bila cha kushoto kupata habari.

Ninachotaka kusema kwenye uzi huu ni kimoja, na mnipinge: hakuna kiungo bandia cha taya kinachoiga taya. Kila aliyewahi kukibuni alianza kwa kuamua kipi akipoteze. Waliofanya vizuri walichagua vizuri cha kupoteza. Walioharibu walidhani hawapotezi kitu.

Naendelea baada ya kula.

#2 Nusu Mkate

Siti ya mbele kabisa. Kidole kipo mbele ya sikio, abiria wa jirani kwenye mwendokasi ameshahama.

#3 Kisamvu cha Nazi

Samahani kama nauliza kijinga. Taya kukaza si ndiyo pepopunda? Kijijini kwetu mtu akikaza taya tunajua ni msumari wenye kutu.

#4 Gego la Mwisho

Si swali la kijinga, Kisamvu, hata wauguzi wapya huchanganya. Pepopunda ni sumu ya bakteria inayofanya misuli ikaze. Kiungo chenyewe ni kizima. Anachozungumzia mleta uzi ni mfupa kuota na kuunganisha kichwa cha taya na fuvu. Kunakuwa hakuna kiungo tena, kuna daraja la mfupa. Kwetu huku sababu kubwa ni ajali na maporomoko ya utotoni, hasa ya kufikia kidevu, kwa sababu kishindo cha kidevu husafiri na kuvunja kichwa cha taya kule juu. Nyingine ni usaha wa sikio ulioachwa bila tiba.

Kipimo cha nyumbani: mtu mzima asimamishe vidole vyake vitatu, cha shahada, cha kati na cha pete, avipitishe kati ya meno ya mbele. Vikipita, uko salama. Wengi hufungua milimita 40 hadi 50.

Mimi ni daktari wa upasuaji wa kinywa na taya. Nitakuwa nasahihisha palipopinda.

#5 Chuma cha Pua

Karibu sana daktari. Usinihurumie.

Sasa mzigo. Zamani walikuwepo wataalamu waliodai kabisa kwamba kiungo cha taya hakibebi mzigo, kwamba misuli inabeba yote na kiungo kinaongoza njia tu. Kumbukeni fizikia ya sekondari: wenzo wa daraja la tatu, jitihada iko kati ya egemeo na mzigo. Egemeo ni kiungo, jitihada ni misuli ya shavu na ya panja, mzigo ni kile unachouma.

Nichore kwa namba rahisi, ni za mfano tu. Misuli ivute sentimita 4 mbele ya kiungo. Meno ya mbele yawe sentimita 10. Unauma kipande cha muwa kwa newtoni 150, sawa na kama kilo 15. Misuli inatakiwa itoe 150 × 10 ÷ 4, yaani newtoni 375. Tofauti, newtoni 225, inaenda wapi? Kwenye viungo. Hamia magegoni, sentimita 6, uume kwa newtoni 400: misuli 600, viungo 200. Na mtu mzima mwenye afya anaweza kufika newtoni 500 hadi 700 magegoni.

Mzigo wenyewe haugawanywi sawa. Ukitafunia kulia, mara nyingi kiungo cha kushoto ndicho kinachobeba zaidi. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilirudi kulisoma tena.

Kwa hiyo yule aliyeamini kiungo hakibebi kitu angeweza kuweka humo chochote laini na kulala usingizi. Na waliweka.

#6 Mzee wa Gereji

Kijana, mimi nimefunga bushi na boljointi miaka thelathini na tatu. Naona unazunguka. Nijibu mawili. Humo ndani kuna grisi? Na kinacholika ni chuma au ni bushi?

#7 Chuma cha Pua

Shikamoo mzee. Umegonga pale pale.

Grisi ipo, ni ute wa kiungo. Ukikata kiungo cha asili unaondoka na sehemu ya ngozi laini inayoutengeneza. Mwili hujenga ala mpya kuzunguka kifaa na kuna majimaji ndani yake, ila si ute uleule. Ndiyo maana kifaa lazima kiwe kimebuniwa kufanya kazi kikiwa karibu kavu.

Kinacholika ni bushi, na kimepangwa kilike hicho. Kichwa ni aloi ya kobalti, kromu na molibdeni, kimeng'arishwa hadi unajiona. Kikombe kinachokaa kwenye fuvu ni polietilini yenye molekuli ndefu mno. Ukoo wake ni huohuo wa dumu la mafuta ya kula, ila hii ni ile ndugu iliyokwenda shule: minyororo yake ni mirefu na imesukana kiasi kwamba kuichubua ni kazi.

Sasa hadithi ya bushi mbaya.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Vitek ya Houston, Texas, ilikuwa inauza vipande vya kuweka katikati ya kiungo cha taya badala ya kile kisahani cha gegedu. Vilikuwa vya Proplast, kitu chenye vitundu kama sponji, na Teflon juu yake. Ndiyo, Teflon ya kikaango. Mwaka 1983 FDA, mamlaka ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa tiba, iliviruhusu kwa njia ya kufanana: ukionyesha bidhaa yako inafanana na iliyokuwa sokoni kabla ya sheria ya 1976, unapita. Hoja ya kiufundi ilikuwa tamu. Teflon inateleza kuliko karibu kila kitu, na kiungo ni mahali pa kuteleza, basi.

Mzee, wewe unajua tayari kilichofuata. Kuteleza ni habari moja, kudumu chini ya mzigo ni nyingine. Chini ya zile newtoni nilizochora, Teflon ilichanika na kusagika kuwa unga. Mwili unapoona unga usioweza kuumeng'enya huita chembe kubwa za ulinzi, zinaung'ang'ania, na katika vita hiyo mfupa unaliwa. Kuna wagonjwa walioliwa kichwa chote cha taya. Kuna walioliwa paa la kishimo, na juu ya paa hilo kuna ubongo. Unene wake kwa wastani haufiki hata milimita 1.

Vitek ikafilisika mwaka 1990. FDA ikatoa tahadhari, kisha vifaa vikaondolewa na wagonjwa wakaambiwa warudi kuchunguzwa. Maelfu walikuwa tayari wanavyo.

#8 Nusu Mkate

Nimeenda jikoni nimekiangalia kikaango. Hatuongei.

#9 Mwana wa Mto Nairobi

Wadau, mimi ni mwanafunzi wa uhandisi wa vifaa vya tiba, niko Nairobi. Kikaango wacha kiishi, hakuna mtu anakitafuna.

Kinachoniuma kwa hiyo stori ya Teflon ni kwamba jibu lilikuwa limeshapatikana zamani. John Charnley kule Uingereza, baba wa nyonga bandia, alitumia vikombe vya Teflon kwa nyonga kuanzia mwisho wa miaka ya 1950. Karibu wagonjwa 300. Vikalika haraka, uvimbe wa unga ukajaa kwa viungo, akabidi arudie kuwapasua. Huyo mzee alijipandikiza vipande vya Teflon na vya polietilini kwa paja lake mwenyewe aone mwili utafanya nini. Teflon ikaleta uvimbe, polietilini ikatulia. Kutoka Novemba 1962 akahamia polietilini, na ndiyo mpaka leo.

Yaani miaka ishirini kabla ya Vitek. Watu wa nyonga walikuwa wanajua. Watu wa taya walikuwa wanasoma majarida yao.

#10 Gego la Mwisho

Mwana wa Mto, hilo la majarida linauma kwa sababu ni kweli. Sisi tumetokea kwenye meno, watu wa nyonga wametokea kwenye mifupa, na ukuta kati yetu ulikuwa mnene. Niongeze kwamba si Vitek peke yao waliochagua vibaya. Robert Christensen huko Marekani alianza kuweka bamba la chuma kwenye kishimo tangu miaka ya 1960, na baadaye akaja na kiungo kizima. Kichwa kwanza kilikuwa cha plastiki ya akriliki, kisha chuma juu ya chuma. Akriliki ikavunjika na kusagika. Chuma juu ya chuma kina mgogoro wake: unga wa kobalti na kromu, na wapo watu ambao miili yao haiutaki kabisa.

#11 Mzee wa Gereji

Marahaba kijana, nilisahau kuitikia.

Chuma kwa chuma bila grisi! Hata spana boi wa wiki ya kwanza asingefunga hivyo.

#12 Chuma cha Pua

Tumeelewana kwamba kichwa ni kobalti-kromu na kikombe ni polietilini. Swali linalofuata: kwa nini mkono wa kifaa, ule unaobeba kichwa na kufungwa kwenye taya, usiwe kobalti-kromu wote?

Wapo wanaofanya hivyo. Hapa kuna kambi mbili, na zote zina kibali cha FDA. Kambi ya kwanza ni ya kupima, kama suti ya fundi cherehani: TMJ Concepts ya California, iliyopata kibali mwaka 1999 na ambayo sasa iko chini ya Stryker. Mgonjwa anapigwa CT, picha za eksirei za tabaka kwa tabaka, taya lake linaumbwa kwenye kompyuta, kifaa kinatengenezwa chake peke yake. Mkono ni aloi ya titani, kichwa cha kobalti-kromu kimefungwa juu yake. Kikombe ni polietilini iliyoshikwa kwenye wavu wa titani unaokaa mfupani. Kambi ya pili ni ya dukani, kama viatu: Biomet, kibali mwaka 2005, saizi chache zilizopangwa. Mkono na kichwa ni kobalti-kromu kipande kimoja, upande unaogusa mfupa umepuliziwa titani. Kikombe ni polietilini tupu. Hapo daktari ndiye anayechonga mfupa ufuate kifaa.

Kwa nini titani isiwe kichwa? Kwa sababu titani ikisuguliwa inajichubua vibaya. Ni rafiki wa mfupa, adui wa msuguano. Kila chuma kipewe kazi yake.

#13 Mwana wa Mto Nairobi

Na pia kuna ugumu wa kupindika. Mfupa mgumu wa nje una gigapaskali, kipimo cha ugumu huo, kama 15 hadi 20. Aloi ya titani kama 110. Kobalti-kromu zaidi ya 200. Ukifunga chuma kigumu hivyo kando ya mfupa, chuma kinabeba kazi yote, mfupa unakaa bure. Na mfupa ukikaa bure unajipunguza, hiyo ni tabia yake. Kwa hilo titani iko mbele, ingawa bado ni ngumu mara tano hadi saba kuliko mfupa.

#14 Chuma cha Pua

Na skrubu. Jamani skrubu! Kwenye nyonga una shimo refu la kuchomeka shina. Taya halina shimo hilo. Kuna ubao mwembamba wa mfupa wenye mshipa wa fahamu wa meno ukipita ndani yake. Basi mkono unalazwa ubavuni na kufungwa skrubu kadhaa. Kikombe kinafungwa pembeni, kwenye shina la tao la shavu, kwa sababu juu ni ubongo na nyuma ni sikio.

Siku za mwanzo kila kitu kinategemea kutotikisika. Kifaa kikitikisika chini ya mikromita 50 hivi (mikromita elfu moja ni milimita moja), mfupa hukaribia na kushikana nacho. Kikitikisika zaidi ya 150, mwili unaweka kamba za kovu badala ya mfupa, na kuanzia hapo skrubu inahesabu siku. Mikromita 150 ni unene wa nywele mbili tu. Ndiyo maana kifaa kilichopimwa kikakaa mfupani bila mwanya kina hoja nzito.

#15 Kisamvu cha Nazi

Nimewafuata mpaka kwenye nywele mbili. Sasa ile habari ya kuhama kwenda mbele iliishia wapi? Hiki kifaa kinateleza au hakitelezi?

#16 Chuma cha Pua

Kisamvu, nilikuwa naiogopa hii ndiyo maana naichelewesha.

Hakitelezi. Au kinateleza kidogo sana. Ule msuli unaovuta kichwa cha taya kwenda mbele umejishika kwenye shingo ya kichwa hichohicho kinachokatwa. Ukikata kichwa, msuli unabaki hauna pa kuvuta. Hicho ndicho kinachopotezwa. Mgonjwa anabaki na mzunguko.

Mzunguko mtupu una ubaya wake. Weka bawaba juu kabisa, mahali kilipokuwa kichwa cha asili, kisha fungua. Kidevu kinashuka na kurudi nyuma, kuelekea kooni. Taya la asili halifanyi hivyo, kwa sababu linasogea mbele huku likifunguka.

Hapo ndipo watafiti wa Groningen, Uholanzi, wakaja na kitu nilichokipenda kuliko vyote. Van Loon na wenzake walichapisha hesabu mwaka 1999. Walijiuliza: kama lazima tuwe na bawaba, tuiweke wapi ili taya lijisikie linateleza? Jibu lao: milimita 15 chini ya kitovu cha kichwa cha asili.

Chukua karatasi. Bawaba ikiwa chini, kila kitu kilicho juu ya bawaba husogea mbele mdomo unapofunguka. Mdomo ufunguke nyuzi 20, ambazo kwa meno yaliyo sentimita 10 ni kama milimita 35. Mahali palipokuwa na kichwa cha zamani pamesogea mbele 15 × sini 20, yaani milimita 5 na ushee. Kichwa cha asili husogea kama 10 hadi 15. Umerudishiwa theluthi au nusu ya ulichopoteza bila msuli na bila kitu cha kutelezesha, kwa kuhamisha nukta tu!

#17 Gego la Mwisho

Hapa naomba tugombane kidogo, kwa heshima.

Nukta ya kushusha bawaba naikubali, na hata hao wa dukani wameitumia: kikombe cha Biomet ni kinene makusudi, kinakisukuma kichwa chini. Ninachokukatalia ni mapenzi. Groningen hawakuishia kwenye nukta. Waliweka pia kisahani cha polietilini kinachoteleza chini ya kikombe, ili kifaa kizunguke na kihame. Kwenye meza ya maabara ni kizuri. Ndani ya mtu aliyekuwa na daraja la mfupa miaka kumi na tano, nani atakivuta hicho kisahani? Msuli umekatwa, na ala inayoota ni kovu. Unabaki na sehemu mbili za kusagika badala ya moja, kwa ajili ya safari isiyofanyika.

Pia usisahau mgonjwa wa upande mmoja. Upande wa kifaa unazunguka palepale, upande mzima unateleza mbele, taya zima linapinda kuelekea upande wa kifaa kila anapofungua mdomo. Kiungo kizima kinavutwa kila siku kwa namna ambayo hakikuzoea. Kwake, hizo milimita 5 zako zina maana kubwa kuliko kwa mdogo wako mwenye vifaa viwili.

#18 Chuma cha Pua

Nimekubali kuhusu kisahani. Kuhusu mapenzi siwezi kuahidi.

#19 Mzee wa Gereji

Kama milimita 15 ni tamu, kwa nini wasishushe 30?

#20 Chuma cha Pua

Mzee, ungekuwa mwanafunzi wangu ningekupa alama zote kwa swali hilo.

Kila milimita unayoshusha, kikombe kinakuwa mguu mrefu unaoning'inia kwenye fuvu. Nguvu za pembeni wakati wa kutafuna zinapata mkono mrefu wa kuzipinda skrubu za juu, na hizo zinashika mfupa mwembamba. Chini nako inabidi ukate taya zaidi kupata nafasi, kwa hiyo ubao wa kufungia skrubu za mkono unafupika. Unapata mwendo, unalipa kwa mshiko.

#21 Mama Shani

Habari zenu. Nimesoma kimya kimya tangu mwanzo, mengine nimeyaruka. Mwanangu ana miaka saba, alianguka ngazi akiwa na mitatu. Anakula uji na vitu vya kusaga. Usiku anakoroma kama mtu mzima. Sehemu moja walijaribu kumfungua mdomo kwa nguvu na chuma, akalia mpaka akatapika, hakikufunguka chochote. Je, hiki kifaa anaweza kuwekewa?

#22 Gego la Mwisho

Pole sana mama. Kwa umri huo, hapana, na si suala la hela. Kifaa hakikui. Mtoto wa miaka saba taya lake lina safari ndefu, na kichwa cha taya ni mahali mojawapo linapokulia. Ukimfunga chuma leo, uso utakua na taya litabaki.

Kwa watoto tunakata daraja la mfupa kwa upana wa kutosha, tunaondoa na ile pembe ya taya unapojishikia msuli wa panja kama nayo inazuia, tunalaza kipande cha msuli wa panja katikati ili mifupa isikutane tena, na mara nyingi tunajenga kichwa kipya kwa kipande cha ubavu chenye gegedu lake. Ubavu unaweza kukua. Wakati mwingine unakua kupita kiasi, lakini hilo ni tatizo tunaloweza kulishughulikia.

Kukoroma usikuchukulie kirahisi. Taya likibaki dogo na nyuma, ulimi unabana njia ya hewa akilala. Mwambie daktari hilo kabla ya yote. Na mtu wa nusu kaputi lazima ajue mapema, kwa sababu mdomo usiofunguka haupitishi bomba. Hupitishwa puani kwa kamera nyembamba, kwa mtu aliyezoea kazi hiyo. Asifunguliwe tena kwa nguvu.

#23 Mama Shani

Asante daktari. Hakuna aliyewahi kuniuliza kuhusu kukoroma.

#24 Nusu Mkate

Daktari, hiyo mifupa inayokutana tena, kwa mtu mzima mwenye kifaa nayo inakutana?

#25 Gego la Mwisho

Inaweza kuota kuzunguka kifaa na kukifunga upya. Dawa mojawapo utaipenda: tunachota mafuta tumboni kwa mgonjwa mwenyewe na kuyajaza kuzunguka kiungo. Larry Wolford wa Dallas ndiye aliyeisukuma sana njia hiyo. Mafuta yanajaza uwazi, damu haikusanyiki hapo, na mfupa unakosa kiwanja cha kujenga.

#26 Nusu Mkate

Kitambi hiki nimekilea miaka kumi bila kujua nalea vipuri.

#27 Mwana wa Mto Nairobi

Kuna kitu kingine mpya kidogo. Melbourne, Australia, mwaka 2015 walimwekea mgonjwa kiungo cha taya ambacho sehemu ya titani ilichapishwa kwa printa ya tabaka kwa tabaka. Chuo Kikuu cha Melbourne walifanya hesabu za misuli na mzigo kwa kompyuta kabla hata ya kuchapisha. Hapo ndipo mimi naona mlango kwa watu wetu. CT iko Nairobi, iko Dar, kompyuta iko. Kuchora taya la mgonjwa na kupanga skrubu, hiyo kazi inaweza kufanywa huku hata kama chuma kinatoka mbali.

#28 Gego la Mwisho

Kuchora, sawa. Lakini unga wa titani wa daraja la tiba, usafishaji, vipimo vya kuchoka kwa chuma, na mtu wa kusaini kwamba hicho kipande hakitavunjika baada ya miaka sita ni habari nyingine. Ukumbuke tulichosoma kule juu kuhusu kuruhusiwa kwa kufanana. Sitamfunga mgonjwa wangu kitu kwa sababu kinafanana.

Na usafi. Kidonda kiko sentimita chache kutoka mdomoni, mahali penye bakteria kuliko jalala la sokoni. Wakati wa upasuaji tunafunga meno ili kupanga mkao wa taya, na anayegusa mdomo haruhusiwi kugusa kifaa kabla ya kubadili glavu na vyombo. Bakteria wakishajenga utando juu ya chuma, dawa haziwafikii. Mara nyingi kifaa kinatoka.

#29 Kisamvu cha Nazi

Chuma cha Pua, hujatuambia. Dada yako yukoje?

#30 Chuma cha Pua

Alitoka chumba cha upasuaji akiwa na milimita 31. Miezi mitatu ya mazoezi, vijiti vya aiskrimu vinapangwa kati ya meno, unaongeza kimoja kimoja, analia, unaongeza. Sasa ana 34. Kutoka 6.

Kuna kitu sikukielewa kwenye karatasi mpaka nilipomtazama anakula. Taya lake halitembei pembeni. Sisi tunatafuna kwa kuzungusha, tunasaga kama jiwe la kusagia. Yeye anakata juu chini, juu chini, kama kisu cha mchicha. Nyama ya kuchoma anaikata ndogo kabla haijafika mdomoni. Muwa anamenyewa. Hindi la kuchoma analipukuchua kwa vidole, punje kiganjani, halafu anajirushia mdomoni zote kwa mkupuo, kwa sababu miaka kumi na saba hakuweza.

#31 Mama Shani

Nimempima mwanangu kwa rula ya shule. Milimita 7. Kliniki nimepata ya Alhamisi. Nimeandika kukoroma kwenye karatasi, juu kabisa.

#32 Gego la Mwisho

Safi. Omba CT ya viungo vyote viwili, si picha ya upande ulioanguka tu. Na mpime tena Jumatano usiku, andika namba.